Fadhila za Mkusanya Santuri

Washairi wamewasifu wafalme, manahodha, mashujaa wa vita na wanawake wenye macho ya kulegea, na wako waliosifu hata tambuu na kahawa; lakini sijapata kusoma utenzi, wala hata waraka mfupi wa taadhima, uliotungwa kwa ajili ya mtu yule ambaye chumba chake kimejaa masanduku ya santuri toka sakafuni mpaka darini, ambaye mkewe hupita ubavu ili afike kitandani, na ambaye ukimwuliza ni wimbo gani aupendao hukujibu kwa kukutajia kampuni iliyoutoa, namba ya sahani na rangi ya karatasi iliyobandikwa katikati yake. Kwa kuwa dhuluma hii imedumu muda mrefu, na kwa kuwa jamaa zake hawaoni kwake lolote ila vumbi, ni insafu mtu mmoja asimame amtetee.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba mahaba yake hayana tamaa. Sisi wengine huupenda wimbo kwa sababu umetuburudisha, yaani tumelipwa kwanza ndipo tukapenda, na jambo hilo likipimwa kwa mizani ya haki ni biashara tu. Yeye huipenda lebo. Akisha kuichagua hununua kila kilichotoka chini yake, kizuri na kibaya, kwaya, bendi ya tarumbeta, mchekeshaji ambaye masihara yake yalikufa kabla ya mwenyewe kufa, mradi namba zifuatane rafuni bila pengo. Pengo likiwapo hapati usingizi. Na ajabu ya mapengo ni kuwa aghalabu huwa ya sahani mbovu kupita zote, maana iliyokuwa mbovu haikununuliwa na mtu, na isiyonunuliwa ndiyo iliyoadimika. Hivyo mwenzetu huyu huteketeza ujana na mshahara akiitafuta kwa machozi sauti ambayo watu wa zama zake, wenye akili timamu na masikio mawili, waliikataa kwa bei ya kutupa.

Anayetaka kuona imani hii ilivyokomaa na aitazame Paramount. Kampuni hiyo haikuasisiwa na wanamuziki, bali na mafundi wa viti: Wisconsin Chair Company, ya mji wa Port Washington huko Marekani, ilikuwa ikitengeneza pia makabati ya gramafoni, ikang'amua kwamba mtu hanunui gramafoni asipokuwa na cha kuipigia, basi mnamo mwaka 1917 ikaanza kutoa santuri kwa nia ile ile ambayo mwuza taa huuzia utambi. Santuri zake zilipigwa chapa katika kiwanda cha Grafton, karibu na hapo, kwa mchanganyiko hafifu, na kelele zake ni mashuhuri hata leo: ukitia sindano husikia kwanza mvua, kisha kokoto, na mbali sana, nyuma ya mvua na kokoto, binadamu anaimba. Binadamu huyo aweza kuwa Ma Rainey, au Blind Lemon Jefferson, au Charley Patton, kwa maana mafundi viti hao, pasipo kujua walifanyalo, walirekodi baadhi ya sauti kubwa kupita zote za Waamerika weusi, kabla ya kuacha kurekodi kabisa mwaka 1932. Msikilizaji wa kawaida huiona kelele ile kuwa aibu. Mkusanyaji huiona kuwa nuru ya wajihi, na atakueleza, kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa siri, kwamba sahani za kampuni nyingine za miaka ile zina kasoro moja kubwa, nayo ni kusikika vizuri.

Huko Grafton husimuliwa kwamba kiwanda kilipofungwa wafanyakazi wenye ghaidhi walivurumisha sahani katika Mto Milwaukee. Mwaka 2006 kipindi kimoja cha televisheni kilipeleka wapiga mbizi katika mto huo, wasiambulie hata kipande. Baadaye mwandishi Amanda Petrusich, aliyekuwa akitunga kitabu juu ya watu hawa, alijifunza kupiga mbizi, akazama mumo humo kutafuta walichokosa wenzake. Na hapo msomaji ataona kwamba maradhi haya huambukiza hata tabibu. Walio nchi kavu nao hawakupungukiwa na ushujaa. Santuri moja ya Tommy Johnson yenye lebo ya Paramount, ambayo enzi zake mtu aliipata kwa senti 75, iliuzwa mwaka 2013 kwa dola 37,100. Wimbo wenyewe unahusu ulevi. Kati ya mwimbaji na mnunuzi ni nani aliyelewa zaidi, mimi simo.

Yako madhehebu mengine, yenye watu nadhifu zaidi, na kubwa lao ni la Blue Note, kampuni ya jazz iliyoasisiwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Berlin. Wafuasi wake hawasumbuliwi na kelele, kwa kuwa fundi wao Rudy Van Gelder, ambaye riziki yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho, alirekodi kwa ustadi mkubwa sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack. Basi ikabidi watafute taabu mahali pengine, wakaipata katika anwani. Kampuni ilihama ofisi, ikabadilisha na maandishi ya lebo: kwa mfano 767 Lexington Avenue, baadaye 47 West 63rd, tena hiyo ya pili mara huandikwa NYC na mara New York 23. Kwa mtu wa kawaida, mbili hizi ni nyumba moja na mlango mmoja. Kwa mkusanyaji, kati ya herufi tatu zile na tarakimu mbili hizi kuna thamani ya mshahara, na nimewahi kuwasikia watu wazima, wenye wajukuu, wakivunjiana heshima kwa sababu yake. Wakisha kusoma anwani huinamisha sahani mwangani, wakatafuta karibu na katikati, pasipo na muziki, alama ya kiwanda cha Plastylite: herufi P iliyochorwa kwa mkono ikatoka mfano wa sikio. Sikio likiwapo, furaha haina kifani. Na mara nyingi ndilo sikio la pekee litakalohudhuria, kwa kuwa sahani hiyo haitapigwa. Hata Reid Miles, aliyebuni majalada yao mazuri kwa mamia, hakuwa mpenzi wa jazz. Alipenda muziki wa kale wa Ulaya. Mwenye kununua jalada bila kusikiliza anafuata, kwa hiyo, sunna ya aliyelichora.

Na hili la kutopiga ndilo linalonifanya niwaone watu hawa kuwa ni wenye zuhudi. Sindano hula mfereji, wao husema, na kila wimbo uliosikilizwa umepunguzwa. Basi mwenye nakala safi hununua ya pili ya kupiga, akaiona nayo ni safi mno, akanunua ya tatu. Wako wanaofunga mwezi mmoja kwa mwaka, tena mchana tu. Huyu amefunga masikio yake mwaka mzima ilhali futari imepangwa mbele yake kwa namba. Majirani wanaolalamikia spika za vijana wangemwomba Mungu awajaalie mkusanyaji ukuta wa pili, kwa maana nyumba yenye santuri elfu kumi ni nyumba ya kimya, ila siku mtoto anapoegemea rafu.

Nimesema kwa masihara, lakini kadhia ina upande wa pili ambao haufai masihara. Sahani mama za chuma za Paramount nyingi ziliishia kuuzwa kama vyuma chakavu, hivyo tunachokisikia leo kwa Patton kimenakiliwa kutoka santuri zilizochakaa, zilizonunuliwa mlango kwa mlango na vijana wenye uchu ambao wenye nyumba waliwadhania wendawazimu. Skip James aliimba Grafton mwezi wa Februari 1931, santuri zake zikauzika kidogo, akasahauliwa. Mwaka 1964 wakusanyaji watatu, mmoja wao mpiga gitaa John Fahey, walimsaka mpaka wakamkuta kitandani katika hospitali ya Tunica, Mississippi. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo alikuwa jukwaani katika tamasha la Newport akiimba mbele ya umati. Kampuni iliyomrekodi haikuwa imeuliza habari zake. Ni ugonjwa wa kuhesabu namba uliofanya kazi ambayo hekima na taasisi hazikuifanya, na mimi sioni haya kusema kwamba, katika hukumu ya mambo ya muziki, mgonjwa huyu amewashinda wazima wengi.

Sisi wa pwani tunayo sababu yetu ya kumstahi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu, alivuka bahari na wenzake mwaka 1928, akaimba Bombay kwa ajili ya His Master's Voice, na sahani zile, zilizofinyangwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, huvunjika zikianguka mara moja. Shaaban Robert alituachia wasifu wa Siti kitabuni, lakini sauti haikai kitabuni. Hukaa katika mfereji wa sahani, na sahani hukaa kwa mtu asiyekubali kuitupa. Kwa hiyo, msomaji, kama uvunguni kwa bibi yako kuna sanduku la santuri, usiwape watoto wachezee, wala usimpe mpita njia kwa bei ya kilo. Akija huyu niliyemsifu, mwenye miwani na begi tupu, mkaribishe, mpe kahawa, mwache asome lebo zote na kutetemeka. Lakini usimwuzie hata moja mpaka aipige mbele yako, pande zote mbili, toka mwanzo hadi mwisho.