Msimamizi Aliyenyimwa Ruhusa

Kwa muda wa miaka 31 nilikuwa karani wa masijala, na katika muda huo wote hapana mtu, awe mkubwa wa idara au mesenja, aliyepata kulitia mkono jalada lolote pasipo kupita mbele ya meza yangu, kueleza haja yake, na kutia sahihi katika daftari la kutolea majalada. Nilikuwa na kalamu ya wino mwekundu, nilikuwa na muhuri wa tarehe, na nilikuwa na swali moja ambalo wakubwa kwa wadogo walilichukia kuliko homa: "Ruhusa yako iko wapi?" Nayataja haya si kwa kujisifu, maana sifa za karani wa masijala hufa siku ile ile anapokabidhi funguo, bali kwa sababu asiyeyajua hawezi kuonja uchungu wa mambo yaliyonifika mwaka jana, nyumbani kwangu Tanga, mbele ya kompyuta ambayo ni mali yangu halali, niliyoletewa zawadi na mwanangu, na ambayo ndani yake jina langu limeandikwa waziwazi kuwa ndiye msimamizi.

Chanzo chake ni mjukuu wangu. Kijana huyu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjalia akili nyepesi na haya ya kutosha, alikuja kukaa nasi ili asome kidato cha kwanza, nami nikamfungulia akaunti yake katika kompyuta ile, akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka, apate kusomea hesabu na jiografia. Hesabu zilidumu siku tatu. Siku ya nne aligundua mahali fulani mtandaoni panapochezwa mashindano ya magari, na tangu hapo kila alasiri nyumba yangu ikawa inanguruma kama stendi ya mabasi siku ya kuamkia Idi. Nilimkanya, akaitikia "Ndiyo, Babu," kwa adabu isiyo na dosari, kisha sauti ikapunguzwa na magari yakaendelea.

Katika baraza yetu ya kahawa yumo bwana mmoja aliyestaafu kazi ya mitambo ya simu, na ndiye aliyeninong'oneza dawa. Alinambia kwamba ndani ya kila kompyuta ya Windows mna faili dogo liitwalo hosts, faili la maandishi matupu lisilo na picha wala mapambo, ambalo kompyuta hulitazama kwanza kabla ya kwenda nje kuuliza jina fulani la mtandaoni linakaa katika anwani gani. Na kwamba ukiandika humo 127.0.0.1, na mbele yake jina la mahali usipopataka, kazi imekwisha, kwa sababu maana ya anwani hiyo ni kompyuta yenyewe, na kila atakayeulizia mahali pale ataambiwa kuwa ni hapa hapa alipo, mfano wa msafiri aulizaye njia ya Pangani akaelekezwa azunguke nyuma ya nyumba ambayo mlangoni pake ndipo aliposimama.

Nililipenda faili hilo kabla sijaliona, na nilipoijua nasaba yake nikalipenda zaidi. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo, ulipokuwa na kompyuta chache, majina yote yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na afisi moja ya Stanford Research Institute huko California, chini ya bibi mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Na yeyote aliyetaka kompyuta yake ijulikane ilimpasa kulipeleka jina lake kwa afisi ile likaingizwe, na wengine wote wakachukua nakala. Waungwana watasema hiyo ni teknolojia. Mimi nasema hiyo ni masijala, na bibi yule ni karani mwenzangu. Hata mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni utaratibu mpya wa majina, ambao kazi ile uliigawanya kwa kompyuta nyingi duniani, faili la zamani halikuuawa. Liliachwa ndani ya kila kompyuta kama mzee mstaafu ambaye, ingawa hana tena kazi, hapana shauri la ukoo linalopita asiulizwe yeye kwanza.

Basi usiku mmoja, watu wamelala, nikaanza safari ya kulitafuta. Nikaingia Windows, kutoka Windows nikaingia System32, bohari kubwa yenye mafaili maelfu na majina yasiyotamkika, humo nikakuta chumba kiitwacho drivers, yaani madereva, wala sikumkuta dereva hata mmoja, na ndani ya chumba cha madereva nikakuta kijumba kiitwacho etc, ambacho kwa lugha yetu ni Na Kadhalika. Nikastaajabu kwamba faili lenye nasaba tukufu namna ile wamelilaza katika Na Kadhalika, lakini nami nimewahi kuona majalada ya maana zaidi yakiwa chini ya birika la chai, nikanyamaza. Nikalifungua kwa Notepad, likafunguka bila kinyongo. Nikaandika mstari wangu kwa uangalifu. Nikabofya kuhifadhi.

Kompyuta ikanijibu kwamba sina ruhusa ya kuhifadhi mahali pale, na kwamba niwasiliane na msimamizi ili nipate ruhusa.

Nilisoma maneno hayo mara mbili, kisha, naona haya kukiri, nikageuka nyuma kutazama kama yumo mtu mwingine chumbani. Msimamizi ni mimi. Hapana msimamizi mwingine katika nyumba hii, isipokuwa mke wangu, na yeye hajapata kuishika kompyuta ile ila kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Miaka 31 niliwauliza watu ruhusa yao iko wapi, na sasa sanduku la plastiki lilikuwa likiniuliza mimi, saa sita ya usiku, nikiwa nimevaa shuka. Nikabofya tena, likanijibu yale yale, kwa upole ule ule, ambao naujua sana kwa sababu ndio niliokuwa nikiutumia.

Juu ya tusi hilo likaongeza ihsani: kama nikipenda, faili langu lingeweza kuhifadhiwa katika folda yangu ya nyaraka badala yake. Nikakubali, kama akubalivyo mtu aliyenyimwa kiti cha mbele akapewa mkeka. Nikaliona faili limekaa pale, limeandikwa hosts, nikaridhika, nikalala. Kwa muda wa juma zima nilijigamba barazani kwamba nimeifunga njia ya magari, na kwa muda wa juma zima mjukuu wangu aliendelea kuendesha, kwa sauti ya chini, kwa heshima yangu. Baadaye ndipo nilipofahamishwa kwamba faili lile lilikuwa batili mara mbili: kwanza, lilikuwa nje ya Na Kadhalika, mahali ambapo kompyuta haiendi kulitafuta, pili, Notepad ilikuwa imelibandika mkia wa .txt, na Windows, kwa desturi yake ya kuficha mikia inayoizoea, haikunionyesha. Nilikuwa nimetoa amri ya kifalme nikaifungia katika kabati langu la nguo.

Bwana wa mitambo ya simu, alipokwisha kucheka na kuomba kahawa ya pili kwa hesabu yangu, alinipa ufafanuzi ambao sikuutarajia kuwa na hekima. Alisema kwamba zamani, katika siku za Windows XP, mtu wa kawaida nyumbani kwake aghalabu alifanya kazi zote akiwa na mamlaka kamili, na kila programu aliyoifungua, njema kwa mbaya, ilirithi mamlaka hayo, hata virusi vikawa vinaingia mpaka chumba cha ndani bila kubisha hodi. Ndipo Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, ilipoleta utaratibu mwingine: msimamizi, ajapokuwa msimamizi, hutembea nyumbani mwake kwa kanzu ya kawaida kama raia, na joho la mamlaka limetundikwa kabatini, akitaka kutenda jambo zito, hana budi alivae mbele ya shahidi. Na yako mafaili mengine ya mfumo, akasema, ambayo hata aliyevaa joho si mwenyewe, kwani yameandikishwa kwa jina la mtumishi wa ndani aitwaye TrustedInstaller. Nikamwambia kwamba huyo namfahamu. Katika kila idara niliyofanya kazi alikuwamo mmoja.

Usiku ule nililivaa joho. Namna yake ni nyepesi kwa ajuaye: usiifungue Notepad kwa kuibofya tu kama mtoto, bali bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuiendesha kama msimamizi, na kutoka humo ndimo ulifungue faili. Nilipofanya hivyo kioo kizima kilififia kama karabai inayoishiwa na upepo, na katikati ya giza lile likatokea swali moja, kama naruhusu programu hii ifanye mabadiliko katika kifaa changu. Naapa kwamba nilinyosha mgongo. Nikabofya "Ndiyo" kwa kidole kilichotetemeka kidogo, nikaandika, nikahifadhi, na kompyuta haikusema neno. Kesho yake alasiri magari yakawa kimya. Kesho kutwa yakanguruma tena, kwa kuwa niliandika jina bila ya www mbele yake, na kwa faili hili jina lenye www na lisilo nayo ni majina mawili mbalimbali, kama Ali na Alii wa masijala yetu ambao mishahara yao ilikuwa ikipishana kila mwezi. Nikaongeza mstari wa pili. Kimya kikarudi.

Laiti ningekomea hapo! Lakini mtu aliyelivaa joho usiku mmoja hupata baridi asubuhi. Nikaanza kufunga kila mahali palipowahi kuniudhi, na kwa sababu faili lile huruhusu maelezo, maana kila mstari unaoanza na alama ya reli kompyuta huupita bila kuutii, nikawa naandika juu ya kila hukumu dokezo fupi kama nilivyofunzwa kazini, ili atakayerithi jalada ajue sababu. Niliandika mengi usiku ule. Kesho yake alfajiri tukaitwa harusini Muheza, tukakaa siku tisa.

Tuliporudi, barua pepe zangu hazikufunguka. Nilizima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Mengine yote yalifunguka isipokuwa barua, na simu yangu ni kitochi, haina uwezo wa kunishuhudia. Hapakuwa na shaka kwamba kosa ni la wale wanaotuuzia intaneti. Nikaketi, nikawaandikia barua ya kurasa tatu, yenye kumbukumbu namba, yenye nakala kwa watu wanne, na ndani yake nikatumia neno "uzembe" mara tano na neno "dhuluma" mara mbili, nikaipeleka kwa mkono. Mjukuu wangu alikuwa amekaa jamvini anasoma jiografia. Alinitazama mara kadhaa kama atakaye kusema jambo.

Siku ya pili akaja kijana fundi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Hakubishana. Alitoa simu yake, akaiunga na waifai yangu ile ile, akafungua mahali pale pa barua pepe, pakafunguka. Kisha akafungua katika kompyuta kidirisha cheusi, akaandika ping na jina la mahali pale, na kompyuta ikajibu, mara nne, kwamba mahali hapo ni 127.0.0.1. Kijana akanyamaza kimya cha daktari.

"Mzee," akasema, "kuna mtu amelichezea faili la hosts."

"Haiwezekani," nikasema, na sauti yangu ilijaa fahari ambayo hata sasa ikinijia nafumba macho. "Faili hilo hapana awezaye kulitia mkono isipokuwa msimamizi."

Akalifungua. Akaanza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na mke wangu alikuwa ameingia na chai akasimama kusikiliza. "Imefungwa kwa amri ya msimamizi: wapendao magari na wakasome." Akasoma wa pili. "Imefungwa: habari za hapa ni za uongo." Akasoma wa tatu. "Imefungwa: wauza dawa za kurudisha ujana, waliniandikia mara mbili." Mke wangu akakohoa. Kisha akafika mwisho kabisa wa ukurasa, na pale, juu ya jina la mahali ninaposomea barua zangu, palikuwa na maneno yangu mwenyewe, na tarehe yangu: "Jaribio tu, kuona kama dawa inafanya kazi. Mstari huu uondolewe kesho asubuhi baada ya chai."

Hapana aliyecheka. Hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Kijana akaufuta mstari, akabofya kuhifadhi, na kompyuta ikamwambia kwamba hana ruhusa, awasiliane na msimamizi. Wote wawili, yeye na mke wangu, wakageuka wakanitazama. Nikasogea, nikachagua pale panapostahili, kioo kikafifia, nikabofya "Ndiyo," na barua pepe 46 zikaingia kwa pamoja, ya kwanza ikitoka kwa wauza dawa.

Fundi alipokwisha kwenda zake nilimwita mjukuu wangu, nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua tangu siku mliyoondoka kwenda Muheza, Babu," akasema. "Kulisoma naruhusiwa. Nilijaribu kuuondoa huo mstari, nikaambiwa niwasiliane na msimamizi."

"Na mbona hukuwasiliana naye?"

"Alikuwa anaandika barua," akasema, macho yake yako chini.