Kwanza Uliza Fuko ni wa Nani

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina alipewa na mama watoto, mwaka ule tulipobadilisha mabati na majirani zetu wa hapa Panda, mjini Likasi, wakaanza kuuhesabu mshahara wa mwalimu kwa vidole. Ukimwita jioni, "Watasemaaa!", ujumbe unamfikia kila mhusika bila ugomvi wala vocha ya simu. Sikujua kwamba siku moja jina lingegeuka utabiri.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ya usiku kucha ilikuwa imetoka tu kukatika, na tope jekundu la Likasi lilikuwa likivua watu viatu. Nilitoka nje na mswaki mdomoni nikamkuta Watasema karibu na ua wa matete, naye ana kitu mdomoni, ila chake kilikuwa na manyoya. Mguu mmoja wa nyuma ulining'inia nje kama wa abiria wa mwisho kwenye basi la Lubumbashi.

Nikapiga kelele, nikamkimbilia. Ndilo kosa la kwanza. Mbwa anajua hesabu moja tu: kinachogombewa kina thamani. Akatafuna mara mbili, akameza, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekukaribisha mezani ukachelewa kunawa. Baadaye nilielezwa kwamba ilifaa nimwite polepole na kumpa kitu kitamu zaidi, akiache kile mwenyewe. Kitamu tulichokuwa nacho asubuhi ile kilikuwa bukari, ugali wetu, ya jana. Sidhani kama biashara ingefanyika.

Dakika tano hazikupita, uwanja ukajaa. Mama anayeuza karanga pale njia panda alikuja na kikombe cha mawese: mafuta hulainisha sumu. Fundi baiskeli alitaka maziwa. Mwingine alisema maji ya chumvi, mpaka atapike. Kijana mmoja, mchimbaji wa shaba, aliinama topeni akaokota meno mawili marefu ya manjano, akayachunguza kama anayepima madini.

"Hii si panya, mwalimu. Hii ni fuko. Yeye anachimba usiku na mchana, na hakuna mtu amewahi kumuuliza kadi ya mchimbaji."

Aliyekuja mwisho ni mzee wa jirani, ambaye hapa nitamwita Shemasi, ili mashemasi wote wa Panda washukiwe sawasawa. Kanisa lake hushika Jumamosi na hufuata Mambo ya Walawi sura ya 11, ile inayomweka panya kwenye orodha ya najisi. Alikuwa ameshavaa suti ya ibada. Hakuleta dawa. Aliuliza tu, kwa sauti ya msibani:

"Alikula yote? Hakubakisha ata kichwa?"

Nikamwonyesha meno. Akavua kofia.

Nikampigia daktari wa mifugo, ambaye kazi yake hasa ni mbuzi na kuku. Alinisikiliza, kisha akaniuliza maswali matatu kwa mpangilio kama wa mtihani wa taifa: amekula mnyama gani, mnyama huyo alitoka wapi, na je, kuna mtu mtaani ametega sumu? La kwanza nililijibu kwa majivuno. Kwenye la pili tukakwama.

"Fuko anaishi chini ya ardhi," alisema. "Anakula mizizi na viazi, hana safari za mjini. Fuko akionekana juu, kwenye uwanja wa mtu, huenda ana matatizo: ni mgonjwa, au amekula kitu."

Halafu akafuta maduka yote ya dawa yaliyosimama mbele yangu. Mawese hapana, maziwa hapana: mafuta yanaweza kuisaidia sumu kupenya mwilini. Maji ya chumvi hapana kabisa, maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Kumtapisha bila kuambiwa, hapana. Mama wa karanga alirudisha kikombe chake chini ya kitenge, amekasirika kwa niaba ya mawese yote ya Kongo.

Jambo la kuogopwa, daktari alieleza, ni zile pakiti ndogo za sumu ya panya zinazotembezwa sokoni bila jina wala maelezo. Ziko zinazofanya kazi kwa saa chache. Ziko nyingine zinazozuia damu kuganda, na hizo ni za kinafiki: mbwa anacheza leo na kesho, halafu kati ya siku ya 3 na ya 7 ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani, anakohoa, anachoka. Dawa yake ni vitamini K1, kwa majuma kadhaa mfululizo, nayo si bei ya bukari. "Kwa hiyo tafuta nani ametega," alisema, "na kila asubuhi mfunue mdomo utazame ufizi."

Kutafuta nani ametega sumu mtaani ni kama kutafuta nani amemla kuku wa mchungaji. Wote walikana. Kisha mmoja akakumbuka kidogo, wa pili akamkumbusha wa tatu, na mwisho mama watoto akakohoa akasema pakiti yetu iko juu ya dari tangu Krismasi. Nikapanda kuangalia. Ilikuwa nzima, na pembeni yake panya walikuwa wamezaa.

Ili kupoza mambo nikafanya lile ambalo walimu hufanya: nikafundisha. Niliwaambia wasimdharau panya. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikonusa mabomu 71. Na fuko wetu huyu, wataalamu walipotafuta jina la jamii yake mwaka 2006, waliazima neno la midomoni mwetu, wakaandika Fukomys. Watu waliguna kwa heshima. Shemasi peke yake aliinua mkono.

"Yule wa medali," aliuliza, "alikuwa munene?"

Usiku ule sikulala. Jumapili asubuhi ufizi ulikuwa na rangi ya waridi kama wa mtoto. Watasema alifurahia ukaguzi, akadhani ninatafuta kilichobaki ili tugawane. Jioni umeme ukakatika, na katika giza lile nikasikia matete ya ua yakipasuka.

Alikuwa Shemasi. Alichuchumaa kando ya ndoo, akanong'ona:

"Mwalimu, roho inanisuta. Ile fuko ilikuwa ya kwangu."

Alimchimbua kwa jembe shambani siku ya Ijumaa, akiwa mzima na mnene. Kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia, na kwa kuwa mkewe ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, alimficha chini ya kikapu nyuma ya choo, amchome Jumapili mkewe akiwa kwenye mkutano. Siku mbili nzima mtaa ulimlilia mbwa, na hakuna aliyemlilia yeye.

Nilitaka kumkumbatia. Fuko wa jembe hana sumu! Nikampigia daktari papo hapo, naye akacheka mpaka simu ikakwaruza. Yaliyobaki ni madogo, akasema: mpe mbwa dawa ya minyoo, maana wanyama wa pori hubeba minyoo mingi, muulizie chanjo zake, na watoto wasiokote mabaki ya panya kwa mikono mitupu, kwani mkojo wa panya una magonjwa yasiyochagua kati ya mbwa na mwenye mbwa.

Nikamgeukia Shemasi, nikamwahidi kuku.

"Kuku sitaki," alisema. "Kuku, mama atamuona, na atauliza nimetoa nini. Utanirudishia fuko."

Ndiyo sababu Jumapili iliyofuata mwalimu mwenye diploma alikuwa amelala kifudifudi kwenye shamba la viazi nje ya mji. Unatoboa njia ya fuko, unanyamaza. Fuko hapendi upepo nyumbani kwake. Atakuja kuziba tundu. Akifika, jembe linashuka nyuma yake, njia ya kurudi inakatika. Tulinyamaza saa mbili. Mwisho udongo ukatikisika. Shemasi akainua jembe polepole, macho yamejaa mate.

Hapo Watasema, aliyetufuata kimyakimya toka nyumbani, akabweka kwa furaha ya kumwona rafiki wa zamani.

Udongo ukatulia. Shemasi alishusha jembe, akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Sasa ni mafuko wawili," alisema.