Kabla Hujakipiga Kofi Kisanduku cha Tivi

Kofi la kwanza hutoka Ijumaa usiku. Filamu imefika pale mume aliyedhaniwa amekufa baharini anapobisha hodi, picha inaganda, kiduara kinaanza kuzunguka, na mwenye nyumba anainuka na mkono wake. Kofi la pili humwendea mtoto, kwa kuwa yeye ndiye "aliyebonyeza kitu". La tatu ni la fundi, nalo hulipiwa. Nimeyaona yote matatu nyumbani kwa mama yangu mkubwa, Mji wa Kale, Mombasa, na mwongozo huu nauandika kwa hasira kwa sababu yake: mjane huyu alimlipa fundi mara mbili kwa maradhi ambayo dawa yake ilikuwa kwenye boksi la kifaa, bado imo ndani ya nailoni.

Dawa hiyo ni adapta. Hatua ya kwanza, basi, ni kumlisha mgeni.

Kijiti cha Fire TV unachokichomeka nyuma ya tivi ni kompyuta. Ni ndogo kuliko sabuni ya kufulia, lakini ni kompyuta, na kompyuta hula umeme. Kile cha kawaida huja na adapta ya ukutani ya wati 5, yaani volti 5 na ampea 1. Mtu huchungulia nyuma ya tivi, akaona tundu la USB liko wazi, akajiuliza kwa nini apoteze soketi ya ukutani. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa ampea 0.5 tu, ambazo ni wati 2.5. Hiyo ni nusu sahani. Kwa nusu sahani kijiti kitaamka, kitaonyesha nembo yake, kitakusalimu kwa adabu zote; kipe filamu ya picha kali, kinazima na kuwaka upya katikati ya kisa. Nimesikia watu wazima wakisema kimechezewa. Hakijachezewa, kina njaa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu tunampa jembe siku ya kwanza, na sahani tunamwekea nusu. Chomeka adapta yake ukutani, kwa waya wake uliokuja nao, na robo ya malalamiko ya mtaa mzima yatakwisha usiku huohuo.

Hatua ya pili ni kumvua mgeni nguo. Mama mkubwa alikuwa na kisanduku kingine cha Android, nacho alikifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye maua pembeni.

"Mama mkubwa, hiki kitambaa kitolewe."

"Kitolewe kiende wapi, mwanangu? Sebule ikae uchi mbele ya wageni?"

Nilimweleza kwamba kifaa kikipata joto sana hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na kwamba mwezi wa Machi Mombasa hata binadamu hujipunguzia kasi. Kitambaa kilihamia juu ya friji. Kwa kijiti kilichobanwa kati ya tivi na ukuta, kuna kipande kifupi cha waya wa HDMI ambacho mara nyingi huja ndani ya boksi. Kitumie, kijiti kining'inie kipate hewa. Faida yake ya pili ni kwamba kikisogea mbali kidogo na mgongo wa tivi, mawimbi ya Wi-Fi hukifikia vizuri zaidi.

Na hapo kwenye mawimbi pana neno la kusema kuhusu nyumba zetu. Waliojenga Lamu, Mji wa Kale na Mji Mkongwe wa Unguja walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za karibu nusu mita, na walijenga vizuri mno. Kuta hizo huzuia jua, huzuia kelele za jirani, na huzuia Wi-Fi. Rauta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini kuta huyashinda upesi, ya 2.4 GHz ni ya polepole lakini hupenya zaidi. Ikiwa rauta iko chumba kimoja na tivi, chagua 5 GHz. Ikiwa iko ng'ambo ya ukuta wa babu, chagua 2.4, au bora zaidi, vuta waya wa mtandao. Usiiweke rauta ndani ya kabati la vyombo. Najua inapendeza kule, lakini itoe.

Kasi yenyewe si siri. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na 15 kwa ya 4K. Unayetazama kwa bando la simu, jua pia kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Filamu moja ya saa mbili na bando la wiki limekwisha, kisha lawama anatupiwa mjukuu. Ingia kwenye mipangilio, shusha ubora wa picha. Uso wa mwigizaji utabaki uleule.

Sasa nifike kwenye maradhi ninayoyachukia kuliko yote, kwa kuwa yamewatajirisha mafundi wasio waaminifu. Stima inakatika, inarudi. Kisanduku kinawaka, Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna programu inayofunguka. Fundi anasema mashine imekufa, inahitaji programu mpya. Wewe kabla ya kutoa pochi, tazama tarehe. Visanduku vingi vya bei nafuu havina betri ya kutunza saa. Vikizimika husahau, na vikiamka huweza kuamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, au siku nyingine yoyote iliyopita zamani. Kila huduma ya mtandaoni hujitambulisha kwa hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisanduku kinachoishi mwaka 1970 kinaiona hati hiyo kama cheti cha mtu ambaye hajazaliwa, nacho kinakataa. Kinakataa kwa haki. Fungua mipangilio, nenda Tarehe na Saa, ruhusu saa ichukuliwe mtandaoni, chagua majira ya Nairobi. Ikigoma, andika tarehe kwa mkono wako. Ni dakika moja, wala si kazi ya kulipia.

Rimoti: badilisha betri kwanza. Ile ya Fire TV ikisahau kijiti chake, shikilia kitufe cha Nyumbani kwa sekunde kumi. Kwa rimoti ya miale, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze. Ukiona kitaa kinamulika, rimoti ni nzima. Na ile nailoni iliyovaa tangu dukani, yenye mafuta ya mandazi ya miaka miwili, ivue.

Ipo siku, hata hivyo, ambapo makosa hayako nyumbani kwako kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo muulize jirani kabla hujainua mkono. Kama na kwake kiduara kinazunguka, keti unywe chai.

Yapo maradhi ambayo sina dawa yake. Mwezi Juni 2025, FBI ya Marekani iliwaonya watu kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye vifaa vya nyumbani vikiwemo visanduku vya tivi, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya kufika mikononi mwa mnunuzi. Wahalifu huweza kupitishia shughuli zao kwenye intaneti ya nyumba yako nawe umekaa unatazama mpira. Kisanduku kisicho na jina la maana, kinachokuahidi chaneli zote za dunia bure na kukutaka uzime ulinzi wa Google Play kwanza, usikitengeneze. Kichomoe. Wi-Fi hiyohiyo huenda ndiyo inayobeba pesa zako za simu.

Ukipitia haya yote na picha bado imeganda, mwite fundi, mlipe haki yake, na keti karibu yake uone anachokifanya. Nawe kijana unayejua mambo haya, usingoje kuitwa. Nenda kwa shangazi, kwa bibi, kwa mama mkubwa wiki hii, mwamkie, kisha zunguka nyuma ya tivi utazame waya wa umeme umechomekwa wapi.