Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Orodha Isiyofutika

Kwa Wakuu wa Programu za Simu,
Shirika la Wikimedia, San Francisco.

Wasomaji wa Kitale na Bungoma, Kenya, wanawapongeza. Katika nchi ambayo mawaziri hufutwa na vyama vya siasa huvunjwa kila msimu wa uchaguzi, nyinyi mmeweza kuleta kitu cha kudumu: orodha ya msingi ya makala zilizohifadhiwa katika programu ya Wikipedia. Haifutiki wala haibadilishwi jina. Msomaji huunda nyingine apendavyo, mradi zisipite 100, lakini hiyo ya kwanza aliikuta na ataiacha.

Tuseme mwalimu wa historia mjini Bungoma anaandaa somo. Akiwa bado kwenye Wi-Fi ya shule anahifadhi makala za Elijah Masinde, Dini ya Msambwa na Mlima Elgon, azisome kwenye matatu ya kwenda Kitale bila kula bando. Kesho yake anaongeza Arsenal. Keshokutwa, homa ya matumbo. Zote zinarundikana mahali pamoja, Masinde akiwa kati ya mshambuliaji na bakteria. Ghala la bodi ya nafaka, NCPB, pale Kitale hukataa mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, mkulima akaanike upya. Ghala lenu halikatai kitu.

Kisha mpwa wake anarudi kutoka Doha na zawadi ya iPhone. Hapo ndipo raha inapoanza. Kwenye simu yake ya zamani, Tecno, mwalimu alizoea kuondoa makala katika orodha moja na kuiacha katika nyingine. Kwenye iPhone, akibonyeza kitufe kuacha kuihifadhi, makala inatoka katika orodha zote kwa mpigo. Kweli anaonywa kwanza, ila nani husoma onyo akiwa amebanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu, na Kamukuywa njiani bado haijafikiwa? Na kama hakuwahi kufungua akaunti, hakuna cha kuonywa: orodha zake zimebaki kwenye Tecno, ambayo keshampa mdogo wake.

Jitihada zenu kwa msomaji asiye na bando zina historia. Mwaka 2013 mlishirikiana na Airtel Kenya kujaribu kupeleka makala kwa ujumbe mfupi, hata kwa mwenye simu ya kabambe. Wikipedia Zero nayo, iliyoanza 2012, iliwaruhusu wateja wa mitandao kadhaa duniani kusoma bila kulipia data. Februari 2018 mkatangaza kuifunga. Mwaka huohuo mkaleta usawazishaji wa orodha kati ya simu na simu: kusoma ni kwa bando, kupanga ni bure. Ukarimu wa aina yake.

Haki isemwe, kuna wenye makosa makubwa zaidi. Mozilla waliinunua Pocket, programu ya kuhifadhi makala, mwaka 2017 na kuifunga tarehe 8 Julai 2025, wasomaji wakaambiwa wahamishe mizigo yao kabla haijafutwa. Orodha yenu angalau ipo.

Ombi ni dogo. Mwacheni mwalimu aipe orodha hiyo jina alitakalo, na kitufe kimoja kifanye kazi moja kwenye simu zote mbili. Mkiona ni mzigo, tumeni majibu kwa makala. Yatahifadhiwa chini ya homa ya matumbo.

Wenu katika kusoma bila mtandao,
Abiria wa matatu ya Kitale–Bungoma