Daktari wa Joto Ahutubia Kisangani

Jua lilipozama nyuma ya Mto Kongo, Mtaalamu alipanda juu ya kreti ya bia, akafunga vifungo vyote vya koti lake la sufu, na kutangaza kwamba limezama kwa idhini yake. Shahada ya udaktari alijitunuku mwenyewe.

“Wananchi wa Tshopo! Mnadhani jua ndilo linaloipasha hewa moto moja kwa moja. Ujinga huo nimewasamehe.”

Kichekesho ni kwamba hapo hakukosea sana. Kati ya sehemu 100 za nishati ya jua zinazoifikia dunia, kwa wastani 30 hivi hurudishwa angani na mawingu, vumbi na ardhi. Angahewa hunyonya 23 hivi. Zilizobaki huishia ardhini na majini. Ardhi nayo ikipata moto hutoa mionzi yake, ya mawimbi marefu yasiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayonaswa na mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Nitrojeni na oksijeni, zilizojaa kila mahali, huiacha ipite.

Akasogeza kiganja karibu na ukuta wa matofali uliopigwa na jua mchana kutwa, bila kuugusa. Joto likamfikia. Alilipokea kama chifu apokeavyo salamu.

“Kumbe, papa,” akasema kijana mmoja wa toleka, baiskeli ya abiria, mguu mmoja juu ya kanyagio, “ndiyo maana Ruwenzori kuna barafu, ingawa huko ni karibu zaidi na jua?”

Mtaalamu alinuna: hoja hiyo alikuwa ameiweka akiba. Kisangani iko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Margherita huko Ruwenzori kwenye 5,109, na vyote viwili viko karibu kabisa na Ikweta. Hewa hupata joto lake kutoka chini, hivyo kila kilomita ya kupanda hupunguza wastani wa nyuzi 6.5.

Kuhusu Eunice Foote, Mmarekani aliyeanika mitungi ya kioo juani na kuandika mwaka 1856 kwamba ule wenye hewa ya ukaa ulipata moto kuliko mingine na kuchelewa kupoa, Mtaalamu alisema mama huyo alimwibia wazo, miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kisha akageukia Yangambi, ambako tangu 2020 mnara wa mita 55 hupima hewa ya ukaa na mvuke vinavyopita kati ya msitu na anga. Hakuna aliyemwalika kuupanda, alilalamika, akavua kofia na kuipitisha kwa wasikilizaji wamchangie nauli ya mtumbwi wa kwenda huko.