Biashara Haijambo

Marekani, ukiuza mdoli jicho likang'oka na mtoto akalimeza, tafuta wakili. Ukiuza bunduki, lala usingizi: tangu 2005 ipo sheria inayokukinga na kesi nyingi za madhara anayoyafanya mnunuzi. Sheria hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Ilipaliliwa na kumwagiliwa, na wabunge wanajua nani alishika ndoo.

Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown. Chama cha wafanyabiashara wa silaha, kwa bahati tu, kilikuwa na makao yake mji huohuo. Majirani, basi. Mauzo ya bunduki yakapaa, maana watu waliambiwa zitapigwa marufuku. Hazikupigwa. Aprili iliyofuata hata mswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulianguka Seneti kwa kura 54 za ndiyo dhidi ya 46. Ndiyo, wenye 54 walishindwa, zilitakiwa 60.

Siku hizi wazazi wananunua mikoba ya shule ya kuzuia risasi. Mingi inazuia za bastola. Za bunduki iliyotumika Sandy Hook zinapita.