Mhadhara wa Bingwa wa Vituo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, nanyi mliofika kwa sababu mmesikia kuna chai: tulieni. Chai ipo, ila elimu hutangulia.

Mimi ndiye Bingwa wa Vituo. Cheo hiki sikupewa na chuo, maana hakijapatikana chuo cha kunitahini. Vituo vya daladala nimevisimamia kwa miguu yangu miaka thelathini. Kituo cha polisi nimelala usiku mmoja, baada ya kutoelewana na konda juu ya chenji. Kilichobaki kilikuwa kituo cha anga tu, ndipo nikaigeukia Babylon 5, ile tamthilia ya Marekani, nikaitazama sehemu zote 110. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliandika 92. Mimi nimetazama 110. Hesabu wenyewe nani kamzidi nani.

Kituo chenyewe kina urefu wa maili tano, wakazi wake ni robo milioni, na kinajizungusha usiku na mchana ili watu wasielee kama vifuu baharini. Vitatu vya kwanza viliharibiwa kwa hujuma. Cha nne kilianza kazi, na kabla jua halijachwea mara ya pili kikatoweka. Mtu mwenye akili angekoma hapo. Wao wakajenga cha tano! Hapo nikatambua kwamba wakandarasi watakuwepo hata huko mbele, karne ya 23.

Sasa filamu iliyotokana na tamthilia hiyo, inayoitwa A Call to Arms. Ilionyeshwa Januari 3, 1999 kwenye televisheni ya TNT, wiki chache tu baada ya tamthilia kufungwa. Sheridan, anayeigizwa na Bruce Boxleitner, si nahodha tena bali ni rais wa muungano wa sayari. Anaingiliwa ndotoni na Galen, mchawi anayeroga kwa mitambo, akimwonya kwamba maangamizi yanakuja. Rais anaacha kazi na kuifuata ndoto. Wasiojua husema hilo haliwezekani. Hao hawana shemeji mganga.

Ndoto inatimia. Wadrakh, vibaraka walioachwa yatima na mabwana zao, wamerithi silaha ya kutisha: wingu linaloifunika sayari nzima na kuiua. Wanalileta Duniani. Ulinzi unategemea merikebu mbili mpya, Victory na Excalibur. Victory inajitosa ndani ya wingu na kulisambaratisha, ikiteketea pamoja na nahodha wake. (Nahodha huyo anaigizwa na Tony Todd, aliyekuwa na sauti ya kutikisa bati. Nililia, lakini kitaalamu.) Mnadhani tumeshinda? Wadrakh waliokuwa wakikimbia wanamwaga tauni angani. Miaka mitano, wanasema madaktari, ndiyo itakayouchukua ugonjwa huo kuuzoea mwili wa binadamu, kisha hatabaki mtu.

Sikilizeni sasa hoja yangu, ambayo nimeifanyia utafiti sebuleni kwangu. Dawa ilikuwa itafutwe katika tamthilia mpya, Crusade, Excalibur ikizunguka nyota kwa nyota. TNT wakaisitisha kabla hata sehemu ya kwanza haijaonyeshwa! Zikarushwa 13 zilizokwisha kupigwa, basi. Hii ndiyo filamu iliyoambukiza sayari nzima, halafu daktari akaachishwa kazi akiwa bado anatafuta wodi. Mimi natamka, na iandikwe: Dunia ni mgonjwa tangu 1999, na hakuna aliyerudi hospitali.

Naam, binti wa nyuma. Unasema sehemu ya mwisho ya Babylon 5 ilikwisha kuonyeshwa Novemba 1998. Ndiyo. Unasema inasimulia mwaka 2281, na humo hakuna anayeililia Dunia. Ndiyo, lakini... Unasema kwa hiyo tulimwona mgonjwa amepona kabla hajaugua, na dawa lazima ilipatikana. Kaa kwanza, binti. Kaa. Nani kamwalika huyu?

Mwenyekiti, naomba kufafanua jambo la kiufundi. Excalibur ina mzinga mkuu uliotokana na elimu ya Wavorlon, viumbe wa kale wa tamthilia hiyo. Ukishafyatuliwa, merikebu huishiwa nguvu: kwa dakika nzima haisogei, haijilindi, wala haijibu mashambulizi. Mimi wangu nimeshaufyatua. Nihesabiwe dakika yangu, na hiyo chai ipite.